Nyumba ya Karen Blixen, Nairobi: tiketi, usafiri, na vya ndani ni vyake?

kobe_mtembezi
Habari wakuu. Jumamosi napeleka wageni kutoka Tanga, mmoja mama mzee, kwenye makumbusho ya Karen Blixen, yule mwandishi wa Denmark aliyelima kahawa hapa na kutengenezewa filamu ya Out of Africa. Tiketi inalipwaje, tupande gari gani, na vyombo vilivyomo ni vyake au vya filamu?

langata_juu
Pesa taslimu ziache nyumbani, malipo ni eCitizen, mfumo wa serikali wa kulipia mtandaoni. Lipa kabla hujatoka. Ukingoja geti, mtandao ndipo unapogoma na foleni iko nyuma yako. Wageni wako wana kiwango cha Afrika Mashariki. Wabebe pasipoti au kitambulisho, la sivyo watahesabiwa wageni wa nje, na tofauti ya bei inauma. Matatu ni 24 kutoka mjini. Mwambie makanga mapema. Nyumba haina ghorofa, mama hatapata shida.

shajara
Nyumba yenyewe ni halisi: aliijenga Mswidi Åke Sjögren mwaka 1912, Blixen na mumewe wakainunua 1917. Vyombo ndiyo mchanganyiko. Shamba lilipofilisika na yeye kuondoka 1931, vingi viliuzwa. Makumbusho yalifunguliwa 1986, mwaka mmoja tu baada ya filamu kutoka, kwa hiyo vifaa vya filamu vimekaa pamoja na vyake. Ukimuuliza anayewatembeza wageni "hiki ni cha zamani?" atakujibu ndiyo kwa kila kitu. Uliza "hiki kilikuwa humu kabla ya 1931?" Halafu wageni wasitafute sebule waliyoiona kwenye filamu, ile ilipigwa kwenye nyumba nyingine, Mbagathi, alikokaa kwanza.

mkulima_wa_zamani
Wengi huishia vyumbani, nusu saa wameshatoka. Zungukeni bustani, kwenye miti kuna mitambo ya kahawa ya enzi hizo. Shamba lilikuwa ekari 6,000 hivi, lakini kwenye mwinuko wa futi 6,000 baridi ilikuwa kali mno kwa kahawa, na ukame ukaongezea. Kama ni Juni hadi Agosti nendeni mchana. Asubuhi mawingu hufunika vilima vya Ngong na mandhari yote inapotea.

kobe_mtembezi
Asanteni. Kaburi la Finch Hatton, mpenzi wake Blixen, liko hapohapo?

langata_juu
Hapana, liko kwenye vilima vya Ngong. Huko nenda na gari la kukodi, siku nyingine. Kwa matatu na mama mzee usijaribu.