Mliokwenda kusoma muhula mmoja Ulaya, tupeane uzoefu: mliishije kwenye miji ya gharama?

MwanaNgamiani
Wadau, habari za asubuhi. Mdogo wangu yuko mwaka wa tatu chuo, kapata nafasi ya kubadilishana wanafunzi, anakwenda Zurich muhula mmoja. Hapa Tanga ni furaha tupu, mama keshatangaza mpaka barabara ya 12. Mie niliwahi kukaa hukohuko, kwa hiyo naanza na yangu, nanyi mwageni yenu.

Ada haikunisumbua. Ukienda kwa mpango huo unaendelea kulipa chuo chako cha nyumbani, kule hawakudai. Kilichonitoa jasho ni mwezi wa kwanza: dhamana ya chumba, kodi, kibali cha ukaaji, bima ya afya, vyote vinataka hela kabla posho haijaingia. Yangu ilichelewa wiki tano. Na asijidanganye kwamba atapiga kibarua. Uswisi, mwanafunzi wa kutoka nje ya Ulaya haruhusiwi kazi mpaka ifike miezi sita, na hapo ni saa 15 tu kwa wiki wakati wa masomo. Muhula wenyewe hiyo miezi sita hauna!

Wiki hizo tano nilikula polenta. Ni unga wa mahindi ya njano, umesagwa kwa punje kama chenga. Siku ya kwanza nilisonga kama sembe, ukatoka mchanga. Nikajifunza kuuchemsha kwanza kama uji, dakika kumi hivi, ndipo unaongeza unga na kusonga. Ukishika vizuri unakatika kwa mkono, ingawa mwiko wangu wa plastiki ulipinda mpaka leo umepinda. Mboga ni maharage ya kopo na tui la kopo.

Maji sikununua. Mji ule una chemchemi za mitaani zaidi ya 1,200, unajaza chupa na kwenda zako. Lakini mie mtoto wa Ngamiani, maji ya barabarani nayajua ni ya kunawia miguu. Nilisimama pembeni nikajifanya nasoma simu, nikangoja mpaka mzungu mmoja anywe kwanza.

BintiChumbageni
Kaka umenikumbusha mbali. Mie nilikuwa Oslo, Norwe. Kule afadhali, tuliruhusiwa kazi saa 20 kwa wiki, nikapata usafi wa ofisi alfajiri. Alfajiri yenyewe sasa! Desemba jua linachomoza saa tatu asubuhi imepita, saa tisa na nusu alasiri limeshazama. Unaingia kazini giza, unatoka darasani giza.

Kilichoniokoa ni chupa tupu. Kila chupa ya plastiki au kopo la kinywaji unalipa dhamana ya kroni 2 au 3, unarudishiwa ukiitumbukiza kwenye mashine dukani. Mwanzoni niliona haya kuokota, nahisi shangazi ananiona toka Tanga. Halafu nikagundua wenzangu wa bweni wakifanya sherehe hawana habari na makopo. Nikawa najitolea kufanya usafi. Wakanisifu, dada wa Kiafrika ana roho nzuri! Asubuhi moja niliondoka na mifuko miwili, mashine ikanitolea risiti ya kroni 146. Nilinunua kuku mzima.

Mzee wa Kange
Sasa kama mlikuwa mnaokota makopo, mbona mkirudi mna simu mpya? 😂

BintiChumbageni
Mzee wangu shikamoo. Hiyo simu ni ya makopo hayohayo.

Sahare_Boy
Zurich pia. Nilifika Jumamosi usiku, Jumapili nikatoka kutafuta chakula, maduka yote yamefungwa. Sikujua kwamba ya stesheni kuu huwa wazi. Kwenye begi nilikuwa na achari ya embe ya bibi, chupa imevuja imelowesha mashati mawili. Nikala mkate niliobakiza wa kwenye ndege kwa achari, nalia, sijui ni pilipili au ni nini.

Lingine: barua ya bima. Wanakupa miezi mitatu kukamilisha. Yangu ilikuja kwa Kijerumani, nikaiwekea sufuria ya moto juu yake. Baadaye jirani akaisoma pamoja na lile duara jeusi, akashika kichwa. Mwambie dogo kila bahasha aifungue na aipige picha atume kwa mtu anayejua lugha, siku hiyohiyo.

Na tiketi ya tramu anunue. Wakaguzi wanavaa nguo za kawaida. Mie aliyenikamata alikuwa na begi la mgongoni nikadhani mwanafunzi mwenzangu, nimemsogezea kiti kabisa. Karibu faranga 100 zikaondoka.

MwanaNgamiani
Sahare_Boy umeniua na hilo duara. Simu za nyumbani je, mlifanyaje?

Sahare_Boy
Usiniulize. Binamu aliomba hela ya pikipiki nikiwa naandaa chai ya pili kwa majani yaleyale.

MwanaNgamiani
Dogo anauliza koti anunue wapi, huku au kule.

BintiChumbageni
Huku, mitumba, achambue marobota mapema asubuhi. Langu nilipata kwa shilingi 15,000, zito hasa. Nimefika Oslo, natia mkono mfuko wa ndani, nakuta risiti ya duka. Naisoma: Oslo.