MJADALA: Riwaya za vijana za wanyonya damu na za tawala katili: tatizo ni mapenzi yenyewe au ni aina ya mpenzi?

Mleta mada

Wadau, salaam. Kila nikisoma lawama dhidi ya riwaya hizi nakuta ni ileile: mapenzi yamezidi. Msichana ana vita mbele yake, nchi inaungua, naye anawaza wavulana wawili. Napinga. Kijana wa miaka 16 hupenda hata nchi ikiwa vitani, na mwandishi anayeruka jambo hilo anamdanganya msomaji. Ugomvi wangu ni na vitabu vinavyomchukua mwanaume anayemchunga msichana kama mfungwa, kisha vikamwita mlinzi.

Mfano ni Twilight ya Stephenie Meyer, iliyotoka 2005. Edward ni mnyonya damu aliyezaliwa 1901, Bella ana miaka 17. Hilo la umri naliacha, hadithi za viumbe wa ajabu zina masharti yake. Lakini Edward anaingia chumbani kwa Bella usiku na kumtazama amelala, wakati Bella hajui wala hajaruhusu. Bella anapogundua, kinachomtia aibu ni kwamba huenda alikuwa anaongea usingizini! Kitabu cha tatu, Eclipse (2007), Edward anachomoa kifaa kwenye injini ya pikapu ya Bella ili asiende kumwona rafiki yake Jacob. Mambo hayo akiyafanya jirani yako utapiga simu polisi. Humu yanahesabiwa kuwa mapenzi.

Karibuni.

Mchangiaji wa 2

Mkuu, umeishia njiani. Katika Eclipse hiyohiyo Edward anajirudi, anaacha kumzuia, na siku moja anampeleka Bella mwenyewe mpaka mpakani mwa eneo la kabila la Jacob akamkabidhi kwa Jacob. Mbona hukuliandika? Na Bella si mtoto wa kuvutwa mkono. Tangu mwanzo anataka kuwa mnyonya damu, kila mtu anampinga akiwemo Edward, na mwisho anakipata anachotaka.

Kuna jambo linaniuma. Kitabu kikipendwa na wavulana, chenye risasi na maiti kila ukurasa, hatuulizi kinawafundisha nini. Wasichana wakipenda kitabu, tunaitisha kikao. Wasichana wanajua kutofautisha hadithi na maisha.

Mleta mada

Dada, hoja ya Edward kujirudi naipokea, na hilo la kuwadharau wasomaji wa kike nakuunga mkono kabisa. Ila tumtazame basi Jacob, maana wasomaji waligawana Timu Edward na Timu Jacob, na wengi walimwona Jacob ndiye kijana mwema. Katika Eclipse anambusu Bella kwa nguvu. Bella anamtwanga ngumi, mkono unamuumia yeye. Wanafika nyumbani, baba yake anasikia kisa, na anampongeza Jacob. Baba huyo ndiye mkuu wa polisi wa mji! Edward anakasirika, sawa, lakini baadaye, katika kitabu hichohicho, Bella anakuja kugundua kwamba anampenda Jacob. Msichana wa miaka 14 anaondoka na funzo gani hapo? Kwamba ukikataa, subiri, utakuja kukubali.

Sasa weka pembeni yake The Hunger Games ya Suzanne Collins (2008). Humo watoto wanalazimishwa na dola kuuana mbele ya kamera, Katniss na Peeta wakiwemo, na mapenzi ni uwanja wa vita. Peeta anatangaza mbele ya kamera kwamba anampenda Katniss, na Katniss anakasirika kwa sababu hakuulizwa. Pangoni, Peeta akiwa na jeraha la mguu, Katniss anambusu, na mkufunzi wao anateremsha chungu cha supu kwa parachuti. Katniss anaelewa papo hapo: busu moja, chungu kimoja. Kitabu cha pili Rais Snow anamfuata mpaka nyumbani kumtaka aushawishi umma kwamba penzi lile ni la kweli. Dola imeingia mpaka kwenye moyo wa mtoto! Ukiyaondoa mapenzi hayo, kitabu chenyewe hakipo.

Na angalia wanavyoponyana. Capitol, mji mkuu wa watawala, inamtesa Peeta na kuzivuruga kumbukumbu zake hadi anamkaba Katniss shingo. Akili inapomrudia taratibu, anamuuliza: hili ni kweli au si kweli? Katniss anajibu. Mapenzi yao yanajengwa upya kwa swali na jibu. Hapo ndipo ninapotaka riwaya za vijana zifike.

Mchangiaji wa 3

Nafundisha sekondari. Nasikia Twilight na The Hunger Games, nauliza: na Divergent ya Veronica Roth (2011)? Four, kijana anayependana na Tris, msichana mhusika mkuu, ndiye mkufunzi wake. Tris anasimama mbele ya shabaha, Four anarusha visu kuzunguka kichwa chake na kimoja anakipitisha kwenye sikio kwa makusudi. Baadaye anaeleza kwamba alifanya hivyo ili mkubwa wao amwachie Tris. Sababu ipo, na inaeleweka. Lakini wanafunzi wangu hawaikumbuki sababu, wanakumbuka kwamba anayekupenda anaweza kukutoa damu kwa faida yako.

Swali jingine. Katniss anajitolea kufa kwa ajili ya mdogo wake Prim, na hilo ndilo penzi kubwa kuliko yote humo. Kwa nini mazungumzo yote yahusu Peeta na Gale, rafiki yake wa kuwinda?

Mchangiaji wa 2

Mwalimu, usije ukaishia kuvitoa maktaba. Marekani mwaka 2010 Twilight na The Hunger Games vyote viliingia kwenye orodha ya 10 vilivyolalamikiwa zaidi, inayotolewa na Chama cha Maktaba cha Marekani. Sababu zilizotajwa ni vurugu, ngono, dini. Ngono katika The Hunger Games! Hakuna aliyelalamikia injini ya pikapu.

Mleta mada

Kuviondoa sitaki hata kusikia. Mtoto akinyang'anywa kitabu atakisoma kwa kujificha, na atakuwa peke yake na lile busu la Jacob, hana wa kumuuliza.

Kuhusu Prim, mwalimu, uko sahihi, na ni kosa la matangazo ya filamu na sisi wasomaji tuliogawana timu. Collins mwenyewe alijua: bomu linalomuua Prim huenda limetokana na mbinu aliyoibuni Gale, na kuanzia hapo Gale hana nafasi tena. Dada ndiye aliyeamua.

Kuhusu visu vya Four, naomba uwape wanafunzi sura ile na ile ya baba wa Bella, wasome siku moja. Waulize nani anapaswa kuomba radhi, na kwa nani. Ukipata majibu yao yalete hapa, hata yakinipinga.