Mrejesho: Tangi la choo lililokuwa likivujisha maji, Ngamiani, Tanga

Ndugu zangu, niliuliza kwa nini maji ya choo chetu cha kukaa yalikuwa yakichuruzika usiku kucha ilhali boya, linalofunga maji tangi likijaa, lilikuwa jipya. Nilifuata ushauri wa kutia rangi ya chakula kwenye tangi bila kuvuta maji, na muda si mrefu maji ya kwenye sinki la choo yakawa mekundu, yaani tangi lilikuwa likivujia humo. Kwa kuwa maji hayakufikia mdomo wa bomba la kufurikia, linalopitisha maji yanayozidi tangini, ilibaki kushuku raba ya chini tu, ile inayoziba tundu la kutokea maji. Fundi alifunga koki, akaitoa raba hiyo, iliyokuwa imekakamaa na kushika ukoko mweupe, akausugua mdomo wa vali, pale raba inapokaa, kwa siki kabla ya kuweka nyingine. Boya la zamani, ambalo muuza duka alinishawishi nilibadilishe, halikuwa na kosa lolote. Sasa tukifunga mabomba yote, mita ya maji haisogei.