Mawe ya Nairobi ni ya kijivu tu? Naomba ushauri

Mama_Kahawa: Habari zenu wadau. Binti yangu ana miaka tisa na amependa mawe kupita kiasi. Tukitoka tu, mifuko inajaa kokoto. Juzi aliona picha za vito vya kijani vya Taita Taveta, sasa ananung'unika kwamba huku kwetu Kahawa West mawe yote ni ya kijivu. Safari za mbali siziwezi, na sitaki hamu hii imtoke. Nimwonyeshe nini hapa hapa mjini?

FundiNjiru: Pole dada. Mpeleke machimboni ajionee mawe ya kuchonga yakikatwa. Yapo ya samawati iliyofifia, ya manjano, mengine yana madoadoa.

Somajiwe: Ndugu fundi, machimboni hapana. Kuna kingo zilizolegea na mashimo yenye maji. Ukuta wowote wa mawe usiopigwa plasta unamtosha. Jiwe lile ni jivu la volkano lililogandamana, na yale madoadoa ni vipande vilivyorushwa pamoja na jivu.

Ila mimi ningeanza na kokoto. Rangi ya nje ni ganda lililochakaa kwa jua na mvua. Tafuteni kipande kilichopasuka karibuni, mkioshe, mkitazame juani kikingali na maji, kwa lenzi ya mkono. Kokoto zetu nyingi ni lava ya zamani, fonoliti au trakiti, na ndani mna feldispa: vibapa vyeupe vinavyometa ukigeuza jiwe. Fonoliti ya Kapiti, kule uwanda wa Athi, ndiyo naipenda kuliko zote, maana feldispa zake ni kubwa, hata lenzi huhitaji. Akitaka kupasua mwenyewe, avae miwani ya kinga kwanza.

Kisha mwonyeshe udongo mwekundu wa hapo kwenu. Umetokana na miamba hiyo hiyo ya kijivu kuoza. Chuma kilichokuwemo ndicho kilichopata kutu. Akielewa hilo, hatalitazama tena jiwe la kijivu kwa dharau.

Mama_Kahawa: Asante sana! Hilo la udongo hata mimi sikulijua. Tukipata nauli, kuna mahali pa karibu pa kwenda?

Nyika_Magadi: Olorgesailie, mama, kwenye barabara ya Magadi. Atayaona mashoka ya mkono ya watu wa kale, yaliyochongwa kwa lava ya aina hiyo hiyo, na bado yametapakaa pale pale yalipoachwa. Ila mwambie mapema: kule ni kutazama tu, haokoti hata kipande. Ndani ya Mbuga ya Nairobi pia asiokote.

Somajiwe: Na ya nyumbani ayaweke kwenye trei ya mayai, kila moja na karatasi yenye mahali na tarehe. Jiwe lisilo na mahali lilikotoka haliwezi kulinganishwa na lingine.