Ukoo wa Babu 🏡: "Kindly revert"

*Baba Mkubwa:* Hamjambo wanangu. Wakili wa jirani ameniandikia kuhusu mpaka wa ile ploti ya Nakuru. Barua inaisha hivi: "Kindly revert by Friday." Nimefungua kamusi, revert ni kurudi katika hali ya zamani. Wanataka ploti irudi kwa nani?

*Shangazi Nekesa:* Wuui! Kaka, usitie sahihi chochote!!

*Wanjala:* Baba Mkubwa tulia. Anaomba umjibu tu. Ofisini kwetu barua pepe zote huisha hivyo.

*Baba Mkubwa:* Kamusi yangu haina hiyo.

*Nafula:* Mwalimu Barasa yuko online, naona 👀

*Mwalimu Barasa:* Nilikuwa nasahihisha madaftari. Habari ya jioni Baba Mkubwa. Kamusi yako haijakosea, na Wanjala naye hajakosea. Neno lilitoka Kilatini, revertere, kugeuka nyuma. Kwa Kiingereza cha Uingereza mtu anarevert "to" kitu: hali, mada aliyoiacha, tabia. Mlevi aliyeacha akairudia chupa: he reverted to his old habits. Maana ya kujibu imeshika India, Singapore na kwenye maofisi yetu hapa. Mwingereza ukimwandikia hivyo huenda akabaki anajiuliza umerudia nini.

*Wanjala:* Tabia za kurudia tunazijua, tusitaje majina 😂

*Baba Mkubwa:* Sasa nitatofautishaje?

*Mwalimu Barasa:* Tazama kinachofuata. Ikifuata tarehe, kama kwako, unadaiwa jibu. Ikifuata "to" na kitu, mambo yanarudi yalikotoka.

*Wanjala:* Bosi wangu huandika "revert to me". Mbona "to" ipo?

*Mwalimu Barasa:* Hapo baada ya "to" kuna mtu na anayeambiwa ni wewe. Mjibu bosi.

*Nafula:* Sisi wa kompyuta tunarevert mabadiliko ya programu. Kwenye Git, programu ya kutunza matoleo ya kazi yetu, haifuti kosa, inaongeza badiliko jipya la kulitengua. Historia yote inabaki inaonekana.

*Shangazi Nekesa:* Kama ndoa yangu ya kwanza.

*Wanjala:* 🤣🤣🤣 Shangazi!

*Shangazi Nekesa:* Na yule binti yetu wa Mombasa aliyesilimu mbona hujiita revert?

*Mwalimu Barasa:* Hapo ni nomino. Waislamu wanaamini kila mtoto huzaliwa katika fitra, yaani hali ya asili ya kumwamini Mungu mmoja, kwa hiyo wengine huona kusilimu ni kurejea.

*Baba Mkubwa:* Turudi kwa ardhi.

*Mwalimu Barasa:* Kwa ardhi neno hilo usilichukulie mchezo. Lizi, yaani mkataba wa kukodishiwa ardhi na serikali, ikiisha, ardhi inarudi kwa serikali, na hiyo ndiyo revert yenyewe. Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 13, inampa aliyekuwa na lizi nafasi ya kwanza ya kugawiwa tena, mradi ni raia wa Kenya na serikali haiitaki kwa matumizi ya umma. Kinachonichekesha ni kwamba kifungu chenyewe kinasema "reverts back", ile ile ninayowakatia wanafunzi alama. Re tayari ni kurudi, back ya nini?

*Nafula:* Picha ya hati ninayo. Lizi ni miaka 99 kuanzia 1968.

*Baba Mkubwa:* 2067. Hiyo mtahangaika nayo nyinyi.

*Wanjala:* Sawa, lakini barua ya wakili inasema lizi mahali popote?

*Baba Mkubwa:* Hapana. Mpaka tu. Ati ua wangu umeingia kwake.

*Mwalimu Barasa:* Basi hakuna kinachorudi. Mjibu kwamba barua umeipata, na kwamba kuhusu ua utasema kitu mpima ardhi akishakagua bikoni, zile alama za mpaka. Usikubali, usikatae.

*Baba Mkubwa:* Nianze "I hereby revert"?

*Mwalimu Barasa:* Usithubutu! "I refer to your letter", halafu tarehe ya barua.

*Shangazi Nekesa:* Na Ijumaa ni kesho kutwa jamani.

*Baba Mkubwa:* Nafula mama, niandikie. Vidole vyangu na hii simu havielewani.

*Nafula:* Sawa Baba Mkubwa. Nipigie picha ya ukurasa wa kwanza, nahitaji namba ya kumbukumbu.

*Baba Mkubwa:* 📷 Picha

*Nafula:* Hiki ni kidole gumba.

*Baba Mkubwa:* 📷 Picha

*Nafula:* Sasa ni kidole na nusu ya namba. Wanjala, si uko Lanet? Pitia kwake.