555: nibaki na LTspice au nihamie Tinkercad? Taa yangu haipepesi

ChipuMpya
Wakuu, habari za jioni. Najifunza elektroniki bila kifaa chochote mkononi, nategemea simuleta tu, yaani programu za kuiga saketi. Nimechora taa ya kuwaka na kuzima kwa 555 (chipu ya kupimia muda) kwenye simuleta ya LTspice: betri ya volti 9, rezista ya kilo-omu 10 kutoka chanya hadi pini 7, ya kilo-omu 68 kutoka pini 7 hadi 6, halafu kapasita ya maikrofaradi 10 kwenda hasi. Pini 2 na 6 nimeziunganisha. Nikiendesha, pini 3 inatoa mstari mnyoofu, uko juu, haushuki. Jamaa yangu anasema nihamie Tinkercad, simuleta nyingine. Nihame?

WayaMwekundu
Usihame kabla hujajua kosa, litakufuata huko. Pini 4 umeipeleka wapi? Ikigusa hasi, chipu imelala. Iunge na chanya pamoja na pini 8.

MamaMultimita
Ingekuwa pini 4, mstari ungelala chini. Huu uko juu. Muda wa kuendesha umeandika ngapi?

ChipuMpya
10m, mama. Dakika 10.

MamaMultimita
Basi ni hapo. Kwenye LTspice m ni mili, kwa hiyo umeitazama saketi kwa sehemu moja ya mia ya sekunde tu. Kapasita ikianza tupu huchukua kama sekunde 0.86 kufika volti 6, theluthi mbili za betri yako, ndipo pini 3 ishuke. Baada ya hapo inacheza kati ya volti 3 na 6. Andika 5, yaani sekunde 5, na mwishoni mwa amri ya .tran (ile yenye muda wa kuendesha) ongeza neno uic ili kapasita ianze bila chaji. Na M kubwa nayo ni mili! Mega huandikwa Meg. Mimi nilikesha usiku mzima na rezista ya 1M iliyopitisha umeme kama waya.

KisiwaVolti
Kwa kuelewa, mimi nampa Falstad, simuleta nyingine. Inafunguka kwenye kivinjari, nukta za njano zinatembea kwenye waya, unaiona kapasita ikijaa na pini 7 ikiimwaga. Tinkercad ni ya anayejiandaa kushika brediboadi, ubao wa kuchomekea vifaa bila kulehemu: chipu ina miguu yake 8, na ukisahau rezista ya LED unaonyeshwa imeungua. LTspice ni ya kupima. Inakupa namba, ila haikuambii umekosea wapi.

ChipuMpya
Imekubali! Imeshuka kwenye 0.86 kama ulivyosema, mama, sasa inapiga mapigo. Nabaki na LTspice, na Falstad nitaifungua pembeni. Ila mbona juu inakaa sekunde 0.54 na chini 0.47?

MamaMultimita
Inajaa kupitia rezista zote mbili, inamwagika kupitia ile ya 68 peke yake. Punguza ya 10 iwe 1 uone zinavyokaribiana. Usiiondoe kabisa, maana pini 7 itaishika chanya moja kwa moja.