Nyota yenye mkia: wanajuaje kuwa ni ile ile imerudi?

MvuviIgombe
Wakuu, habari za humu. Mimi navua dagaa, mwalo wa Igombe. Oktoba 2024 mwanzoni, giza limekolea, tunarudi na mzigo alfajiri, tukaiona mashariki na mkia wake. Mwenzangu akasema hizi hurudi kwa ratiba. Mtumbwi una namba ubavuni, ile haina! Nani anathibitisha ni ile ile? Nipeni darasa, ila fomula msiniletee.

TichaNyegezi
Mdogo wangu, uliyoiona ni kometi, ndiyo hiyo nyota yenye mkia, jina lake Tsuchinshan–ATLAS, na hiyo usiisubiri: hata wajukuu wa wajukuu zako hawataikuta. Lakini zipo zinazorudi, na namba wanayozijulia ni njia zinayopita.

Kila usiku unaandika saa, na kometi iko wapi kati ya nyota zisizohama. Ukipata vipimo vya siku tatu tofauti, hesabu inaanza kutoka, maana mvuto wa jua unajulikana. Unapata njia imeinama kiasi gani, imeelekea wapi, inalikaribia jua kwa umbali gani na lini. Ikija nyingine yenye majibu yale yale, hapo lazima ushtuke.

Novemba 1818, Jean-Louis Pons wa Marseille, aliyeanza kazi kwenye kituo cha nyota kama bawabu, aliona kometi hafifu. Mjerumani Johann Franz Encke akakaa na kalamu, akapata mzunguko wa miaka 3.3 tu. Wakati huo iliyothibitika kurudi ni ya Halley peke yake, na yenyewe huchukua kama miaka 76! Encke akafukua kumbukumbu: 1786 aliiona Pierre Méchain, 1795 Caroline Herschel, 1805 Pons tena na wengine. Watu walihesabu kometi nne, kumbe ni moja. Akaingiza na mvuto wa sayari ya Jupita, akasema itarudi 1822. Ulaya hawakuiona; Carl Rümker aliikuta tarehe 2 Juni akiwa Parramatta, Australia. Leo inaitwa kometi ya Encke.

MamaDagaa_Mwaloni
Shikamoo Ticha. Yaani bawabu kaiona, mwenye kalamu ndiye kapewa jina? Sisi wa Mwaloni tungegombana.

TichaNyegezi
Marahaba. Encke mwenyewe aliendelea kuiita kometi ya Pons. Wengine ndio waliombandika.

MvuviIgombe
Asante mwalimu. Na ratiba yake haiyumbi?

TichaNyegezi
Inayumba, na hapo ndipo penye utamu. Encke aliona inawahi kwa muda wa kama saa mbili na nusu kila mzunguko. Akadhani angani kuna kitu kinaikwaza, njia yake inazidi kufupika. Mwaka 1950 Fred Whipple akaja na jibu linalokubalika hadi leo: ile ni barafu iliyochanganyika na vumbi, jua likiipasha mvuke unafumuka upande mmoja na kuisukuma. Ndiyo maana hesabu hupigwa upya kila ikirudi.

Hiyo ya Encke ilipita karibu na jua Oktoba 2023, inatarajiwa tena Februari 2027. Kwa macho matupu usitegemee sana, tafuta mwenye darubini. Vumbi lake ndilo unaliona bure: mwisho wa Oktoba hadi Novemba, vimondo vinatokea upande wa Kilimia, kile kikundi cha nyota. Si vingi, ila vingine vinawaka kwelikweli. Ukiwa ziwani geuzia taa mgongo kwanza, macho yazoee giza.